Lusaka kwa anayetoka Lubumbashi: cha kununua, cha kutazama na cha kuacha

Kwa mtu wa Lubumbashi, mji mkuu unaofikika kwa gari ndani ya siku moja ni Lusaka. Kinshasa bila ndege ni safari nyingine kabisa. Ndiyo maana mabasi yanashuka kupitia mpaka wa Kasumbalesa yakiwa yamejaa mama wa biashara, vijana wa simu na familia zinazotafuta viatu vya shule. Wengi wao wanaijua Lusaka ya aina moja tu: stendi, soko la Kamwala, stendi. Wanalala usiku mmoja, wanafunga mizigo, wanarudi. Safari ya namna hiyo inapoteza nusu ya thamani yake. Sehemu nzuri kuliko zote za kutazama Lusaka ziko karibu kiasi kwamba unatembea kwa miguu kutoka Kamwala hiyo hiyo, na wakati huohuo kuna bidhaa ambazo watu wetu wanazinunua huko kwa bei mbaya ilhali nyumbani zipo, tena bora zaidi. Tutasema wazi kipi ni kipi.

Siku na saa kabla ya pesa

Kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni kilomita tisini na kidogo. Ukishavuka kuna Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi na Kabwe, zaidi ya kilomita 400 kabla ya kuingia Lusaka. Muda mwingi unaliwa na mpaka na foleni za malori. Sheria ya Zambia ya 2016 ilizuia mabasi ya abiria kutembea kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo ukichelewa Kasumbalesa hadi alasiri unajiweka katika hatari ya kulala kwenye kiti cha basi mahali fulani kati ya Kapiri na Kabwe. Vuka asubuhi. Pasipoti igongwe muhuri pande zote mbili, wa kutoka Kongo na wa kuingia Zambia, na uutazame mwenyewe kabla ya kuondoka dirishani. Muhuri uliokosekana hausumbui siku ya kwenda. Unasumbua siku ya kurudi, una mizigo kumi na basi linapiga honi.

Beba kadi halisi ya chanjo ya homa ya manjano, kwani Kongo inaidai kwa anayeingia. Anayekwenda na gari lake anahitaji pia Kadi ya Manjano ya COMESA, ambayo ni bima ya gari inayotambulika nchi zote mbili. Ichukuliwe Lubumbashi kwa mwenye bima yako, mapema, badala ya kuitafuta mpakani huku vijana wamekuzunguka.

Tarehe zinawaumiza watu wengi. Biashara nyingi za Lubumbashi hupanga kushuka kwenye likizo ya Uhuru wa Kongo, 30 Juni, halafu wanakutana na sikukuu mbili za Zambia: Siku ya Mashujaa, Jumatatu ya kwanza ya Julai, na Siku ya Umoja, Jumanne inayofuata. Siku mbili mfululizo maduka ya jumla yamefungwa na wewe unalipa chumba cha kulala. Angalia pia 12 Machi, 28 Aprili, 25 Mei, Jumatatu ya kwanza ya Agosti, 18 Oktoba na 24 Oktoba. Ndani ya wiki, Kamwala ni nzuri Jumanne hadi Alhamisi. Ijumaa maduka mengi ya Wahindi Waislamu na Waislamu wengine hufunga saa ya swala ya adhuhuri. Jumamosi ni nusu siku, Jumapili ni milango ya chuma. Anayefika Jumatatu jioni ndiye amepanga vizuri.

Saa haibadiliki, Lusaka na Lubumbashi ni moja. Linalobadilika ni upande wa barabara: Zambia magari hupita kushoto. Kwa dereva hilo linajulikana, ila anayeumia zaidi ni mtembea kwa miguu, kwa sababu macho yake yamezoea kutazama kushoto kwanza. Cairo Road na Freedom Way, tazama kulia kwanza, kila mara, hata kama umeshazoea siku ya pili.

Kwacha

Lubumbashi dola inanunua mkate. Lusaka sivyo: dukani unalipa kwacha. Badilisha kiasi kidogo cha usafiri na chakula mpakani, kilichobaki badilisha kwenye ofisi za kubadili fedha mjini, ambazo hutoa risiti. Noti za dola ziwe safi, zisizochanika, zisizoandikwa kalamu.

Kuna jambo moja jipya ambalo lazima lijulikane. Tarehe 31 Machi 2025 Benki ya Zambia ilitoa noti mpya, pamoja na noti ya 500 ambayo haikuwepo kabla, na sarafu za kwacha 5 na 2. Noti za zamani zilipewa mwaka mmoja, hadi 31 Machi 2026. Mtu aliyeweka kwacha za safari iliyopita chini ya godoro azitazame kabla ya kuzitegemea, na mtu anayebadilishiwa Kasumbalesa akatae noti ya zamani hata kama anapewa kwa bei ya kuvutia. Tofauti zake ukishaziona mara moja hazikupotei. Omba noti mpya ya kila aina, zitandike mkononi, kisha ndipo uhesabu.

Kwa simu, laini ya Zambia inasajiliwa kwa pasipoti na inakusaidia kuita taksi kwa programu ya Yango na kulipa kwa simu. Usitegemee akaunti yako ya pesa ya Kongo kulipia mzigo Kamwala.

Kamwala

Mabasi ya mbali hufikia Intercity, kwenye barabara ya Dedan Kimathi. Pale utakutana na vijana wanaonyakua mkoba wako kabla mguu haujagusa ardhi, kila mmoja anakupeleka "kwenye taksi". Shika mkoba mwenyewe, ingia ndani ya jengo, tulia. Kutoka pale hadi Kamwala ni mwendo wa kama robo saa kwa miguu, na bila mzigo hakuna sababu ya taksi.

Kamwala ni mahali pa jumla. Barabara kadhaa za maduka marefu yenye vyumba vya nyuma: nguo, viatu, mablanketi, mashuka, mikoba, vyombo, vitenge. Bei iliyobandikwa, ikiwepo, ni ya mnunuzi wa kimoja. Uliza bei tatu kwa mpigo: ya kimoja, ya dazeni, ya katoni au bale. Wauzaji wamezoea wateja wa Kongo, na mwenye Kibemba kidogo cha nyumbani kitamfaa, ingawa lugha kubwa ya soko la Lusaka ni Kinyanja. Zunguka kwanza bila kununua chochote. Maduka mawili yanayotazamana yanaweza kuuza katoni ileile kwa bei tofauti, kwa sababu mmoja ameagiza na mwingine amechukua kwa jirani.

Sasa vitenge, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi inapotea. Lusaka kitenge hukatwa vipande vya mita 2. Sisi tunahesabu yadi 6, na yadi 6 ni mita 5.49. Kwa hiyo vipande vitatu vya Lusaka ni mita 6, vinazidi nusu mita ile unayoijua nyumbani. Hesabu bei kwa mita moja kabla ya kusema hii ni rahisi au ghali. Lakini vipande vitatu si kitambaa kimoja. Fundi anayeshona libaya (blauzi) na maputa (vitambaa vya kufunga) mawili hawezi kuficha maungio kama maua hayaendani, hivyo kwa nguo ya harusi omba kitambaa kisichokatwa.

Njoo na futi yako ya fundi. Kunja kipande katikati: kila nusu lazima iwe mita 1 kamili, bila kuvutwa. Muuzaji anayevuta kitambaa mezani anakuuzia sentimita tano za hewa kwa kila kipande, na kwa vipande mia moja ni mita tano. Pima upana pia. Kitenge cha kawaida kina kama sentimita 115. Geuza upande wa pili: waksi ya kweli, yaani kitenge kilichochapwa kwa nta, ina rangi karibu sawa pande zote mbili, chapa ya kawaida nyuma imepauka. Chomoa uzi mmoja pembeni na uuchome. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha jivu laini linalopotea ukilisugua. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Uzi unaofanya yote mawili ni mchanganyiko, na mchanganyiko usiulipie bei ya pamba. Mwisho, toa kipande cha katikati ya rundo. Kile cha juu kimetandazwa kwa ajili ya macho, na kile kilichokaa dirishani kina mstari uliofifia kwa jua kwenye mkunjo, usioonekana mpaka ukifungue.

Baada ya yote hayo, hukumu yetu kuhusu waksi ni kali: kwa waksi nzuri, usisafiri. Wazambia wenyewe wanavisifu vitenge vya Kongo na kuvinunua kwa furaha vikitoka upande wetu. Kamwala nunua kitenge chepesi cha kufunga kiunoni, cha kubebea mtoto, cha kugawa msibani. Hicho ni rahisi na kina rangi nyingi.

Mablanketi ndiyo yanayostahili safari. Baridi ya Juni na Julai tunaijua, na mablanketi mazito ya manyoya huuzwa kwa kilo: kilo 4, 5, 6. Namba iko kwenye mfuko, ila mfuko haupimwi na mtu. Beba mzani mdogo wa kuning'iniza, ule wa kupimia mizigo ya ndege, na upime dukani. Tofauti ya robo kilo inasameheka. Kilo nzima ikikosekana umelipia blanketi la kilo tano na kupewa la kilo nne. Kisha ingiza mkono kati ya tabaka mbili na uvute manyoya kwa vidole: yakitoka kwa tele, baada ya kufua mara mbili litabaki kitambaa.

Viatu vya shule vikunje nusu, kidole kiende mpaka kisigino. Gundi ikionyesha mstari mweupe pale soli inapokutana na ngozi, hakitamaliza muhula. Chenye uzi ulioshonwa kuzunguka soli ni ghali kidogo na kinadumu.

Lumumba Road, City Market na Soweto

Magharibi ya Cairo Road, ukipita Freedom Way na Chachacha, unakuta Lumumba Road. Kwa Mkongo jina hilo kwenye kibao cha barabara ya mji mkuu wa watu wengine lina uzito wake. Barabara yenyewe ni ya kazi: vyuma, mabomba, rangi, vipuri, magunia. City Market iliungua Julai 2017, moto uliowaacha wafanyabiashara wengi bila kitu. Soko la Soweto ni kubwa zaidi na gumu zaidi. Nenda asubuhi, simu iwe ndani ya nguo, pesa igawanywe sehemu mbili, na msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, vaa viatu vya matope.

Mitumba, ambayo huko ni salaula, ipo kwa bale na kwa kipande. Bale lililofungwa ni bahati nasibu, na anayekuuzia anajua hivyo. Kama huna mtu unayemwamini pale, chagua kipande kwa kipande asubuhi bale linapofunguliwa; utalipa zaidi kwa kila nguo lakini hutabeba hadi Kasumbalesa kilo ishirini za makoti yasiyovaliwa.

Kapenta, dagaa wa Ziwa Kariba, ni ununuzi mzuri. Samaki hawa walitolewa Ziwa Tanganyika na kupelekwa Kariba mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo ladha unaifahamu. Huuzwa kwa kilo au kwa meda, yaani kopo la kupimia, na meda ndiyo yenye hila: chini limegongwa likaingia ndani, au limejazwa kwa mkono mwepesi bila kushindiliwa. Pitisha vidole chini ya kopo kabla halijajazwa. Kapenta mkavu anavunjika kwa sauti. Anayepinda bado ana maji, atakuwa na ukungu ndani ya wiki, na zaidi ya hapo unalipia maji kwa bei ya samaki. Tupa kiganja kimoja kwenye kikombe cha maji na usubiri dakika moja. Mchanga utakaoshuka chini ndio utakaoutafuna na bukari (ugali) nyumbani.

Vifaa vya sola vimejaa Lusaka na watu wa Lubumbashi wanavinunua sana, umeme ukiwa ulivyo. Kosa linalorudiwa ni kuamini karatasi iliyobandikwa nyuma ya paneli. Pima kwa futi. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri ya leo hutoa karibu wati 200, mara nyingine kidogo zaidi. Zidisha urefu kwa upana: paneli yenye mita 1 kwa sentimita 67 ni ya kama wati 100 hadi 140, na kama imeandikwa 250, muuzaji ameandika anachotaka. Paneli ya kweli ya wati 550 ina urefu wa karibu mita 2.28 na upana wa mita 1.13, na uzito unaokaribia kilo 28. Haibebwi kwapani wala haiingii ndani ya basi, kwa hiyo fikiria usafiri kabla ya bei. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika lazima isome karibu 12.7. Ikisoma chini ya 12.4 imekaa rafuni muda mrefu bila kuchajiwa na sehemu ya uhai wake imeshakwenda. Kipimo cha umeme cha bei ndogo kinarudisha gharama yake siku hiyohiyo.

Vituo vya kisasa vya maduka

Manda Hill, kwenye Great East Road, ilifunguliwa 1999. Kuna pia Arcades, East Park, Levy Junction na Cosmopolitan kwenye njia ya Kafue. Ni safi, kuna vyoo, mashine za benki na mahali pa kukaa. Kama manunuzi hayana maajabu kwa mtu anayehesabu pesa: bidhaa nyingi hutoka Afrika Kusini kama zilizopo Lubumbashi, na bei ina kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 ndani yake. Faida yake ni risiti sahihi na dhamana. Kwa hiyo friji, televisheni au kompyuta nunua huko, chini ya dhamana. Plagi zake ni za miguu mitatu bapa ya Kiingereza. Nyumbani soketi ni za matundu mawili ya duara, basi nunua adapta nzuri palepale, yenye uwezo wa ampea 13 kwa pasi na birika. Adapta nyembamba ya kuchajia simu itayeyuka.

Simu: bonyeza *#06# kabla ya kulipa na ulinganishe namba na ile ya kwenye boksi. Zisipolingana, ondoka.

Sanaa, na neno kuhusu malakiti

Vinyago vya mbao, vikapu vya Magharibi mwa Zambia na mapambo ya shaba ni vizuri. Vikapu hasa: fundi wa kikapu kizuri amebana nyuzi kiasi kwamba ukikiinua kwenye jua huoni nukta za mwanga chini. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna soko la kanisa la Dutch Reformed huko Kabulonga, lenye sanaa, mimea na chakula, bei ya juu lakini uteuzi bora.

Malakiti, lile jiwe la kijani la mapambo, usinunue. Sehemu kubwa ya ile inayouzwa Lusaka imetoka Katanga, imepita barabara ileile uliyopita wewe, na umelipishwa nauli yake. Pembe za ndovu usiguse kabisa, mpakani ni kesi ya jinai.

Independence Avenue, saa nne ambazo hazina gharama kubwa

Hapa ndipo tunapotaka msomaji akae. Kaskazini tu ya Kamwala inapita Independence Avenue, na historia ya Zambia imepangwa kando yake. Lusaka ikawa mji mkuu 1935, ikichukua nafasi ya Livingstone, na barabara hii inakuonyesha jinsi mji wa watawala ulivyogeuzwa kuwa mji wa wenyewe.

Anza Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa 1996. Chini kuna picha na sanamu za wasanii wa sasa. Juu kuna maisha ya makabila, historia ya ukoloni, na chumba cha vifaa vya uchawi na uganga ambacho wageni huzungumzia hotelini usiku. Mgeni hulipa zaidi ya raia, na ruhusa ya kupiga picha iulizwe mlangoni. Tenga saa moja na nusu. Usikose nakala ya fuvu la Kabwe. Fuvu lenyewe lilipatikana Juni 1921 katika mgodi wa Broken Hill, jina la zamani la Kabwe, mji ambao basi lako lilipita ukisinzia, na utafiti uliochapishwa 2020 ulilipa umri wa takriban miaka 299,000. La asili liko London, na Zambia imekuwa ikidai lirudishwe. Kwa watu wa mkoa wa migodi kama wetu, kusimama mbele ya nakala hiyo kunafundisha: wachimbaji walikuwa wakitafuta madini, wakatoa ardhini binadamu, na yeye pia akasafirishwa nje.

Karibu na hapo, kando ya barabara, ni Sanamu ya Uhuru: mtu mwenye misuli ananyanyua mikono na mnyororo umekatika juu ya kichwa chake. Ilisimamishwa 1974. Aliyekuwa kielelezo chake, Zanco Mpundu Mutembo, alikuwa mpigania uhuru wa kweli. Sanamu hiyo ndiyo iliyokuwa nyuma ya noti zote za kwacha za mfululizo uliotoka baada ya sifuri tatu kukatwa mwaka 2013, kwa hiyo hata aliyekuwa anapita Kamwala tu aliwahi kuishika. Asubuhi jua linaipiga usoni. Jioni utapata kivuli.

Endelea mashariki hadi Embassy Park, mkabala na Ofisi ya Baraza la Mawaziri. Ni makaburi ya marais: Levy Mwanawasa, wa kwanza kuzikwa hapo mwaka 2008, kisha Frederick Chiluba, Michael Sata, Kenneth Kaunda na Rupiah Banda. Kila jengo limechorwa kivyake, na mwongozaji anaeleza kwa nini. Msikilize, usiharakishe, umbo la kila kaburi linabeba maisha ya aliyelala ndani. Vaa kwa heshima na uzime simu. Kwa Wakongo wanaojua jinsi viongozi wetu walivyokosa makaburi kwa miaka, bustani hii inagusa mahali pa ndani.

Kanisa kuu la Kianglikana la Msalaba Mtakatifu liko kwenye barabara hiyohiyo, na vioo vyake vya rangi vinafaa dakika ishirini. Mbele zaidi ni Ikulu: hapo kamera inakaa mfukoni, na pia mbele ya majengo ya jeshi na polisi.

Ukiwa bado na nguvu, chukua taksi hadi Chilenje, nyumba namba 394. Kaunda na familia yake waliishi humo kuanzia Januari 1960 hadi Desemba 1962, wakati harakati zinapamba moto. Ni nyumba ndogo ya mfanyakazi, vyumba finyu. Udogo wake ndio unaoeleza zaidi kuliko makumbusho.

Mpira, na tembo

Unapoingia Lusaka kutoka Kabwe utaona uwanja wa Mashujaa wa Taifa upande wa Great North Road. Jirani yake wamezikwa wachezaji wa timu ya Zambia walioanguka na ndege baharini karibu na Libreville tarehe 27 Aprili 1993. Watu 30 walikufa, 18 kati yao wachezaji. Mwaka 2012, katika mji uleule wa Libreville, Zambia ilichukua Kombe la Afrika, na penalti ya mwisho ilipigwa na Stoppila Sunzu, ambaye wakati huo alikuwa mchezaji wetu wa TP Mazembe. Shabiki wa Mazembe akipita pale bila kushuka amefanya vibaya. Nenda na taksi na umwombe dereva akusubiri, kurudi mjini kwa miguu hakuwezekani.

Hifadhi ya Taifa ya Lusaka, iliyofunguliwa 2015, iko kusini-mashariki ya mji. Imezungushiwa uzio na ina pundamilia, twiga, nyumbu na vifaru weupe. Kinachovuta familia ni kituo cha ndama wa tembo yatima, wanaonyonyeshwa chupa za maziwa mchana watu wakiwatazama kutoka jukwaani. Fika lango la hifadhi kabla ya saa tano, kwa sababu maonyesho hayo ni ya muda mfupi na kutoka langoni hadi hapo unahitaji gari. Masika taksi ya chini hukwama. Watoto watafurahi sana. Mtu mzima asiye na watoto, mwenye siku moja tu, achague Independence Avenue.

Chakula hakihitaji maneno mengi. Bukari ipo, inaitwa nshima, na kikanda (mkate wa viazi vya porini), vishimu (viwavi) na munkoyo (kinywaji cha mizizi) vipo kama nyumbani. Ndani ya masoko kula panapochemka na panapojaa watu saa sita mchana.

Kufunga na kurudi

Tiketi ya kurudi ikatwe dirishani siku moja kabla, na uulize kama basi linafika Kasumbalesa au linaishia Chingola. Mzigo hulipiwa, kwa hiyo pima kabla. Funga kwa aina: mablanketi peke yake, viatu peke yao, vitu vya nyumbani peke yake. Mfuko uliochanganywa unamwagwa wote chini duwane (forodha), mfuko wa aina moja unafunguliwa mdomo tu. Andika jina na namba ya simu ndani na nje. Risiti zote ziwe kwenye bahasha moja mkononi mwako, zisifungiwe ndani ya bale, kwa sababu asiye na risiti hukadiriwa thamani, na makadirio hayawi madogo. Lipa dirishani tu na uondoke na karatasi yenye muhuri.

Unga wa mahindi uache. Mfuko wa kilo 25 Lusaka unaweza kuonekana rahisi ukilinganisha na Lubumbashi, lakini Zambia imezuia mara kwa mara kuutoa nje, na vizuizi vya polisi kati ya Chingola na mpaka huutafuta kwanza. Unaponyang'anywa mfuko huo basi zima husimama, na mizigo yako mingine, iliyo halali kabisa, huanza kufunguliwa mmoja baada ya mwingine.